Mtafiti wa mifumo iliyotawanyika si fundi wa mtandao

Hapa Kisumu, ukisema kwamba unatafiti nadharia ya mifumo iliyotawanyika, yaani kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kwa kupelekeana ujumbe, utaletewa kipakatalishi kilichokwama. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kutandaza nyaya, na kwamba mtandao ukiongezewa kasi matatizo yote yatakwisha. Sivyo.

Chukua chama cha akiba na mikopo chenye waweka hazina wawili, mmoja sokoni Kibuye na mwingine Kondele, kila mmoja na daftari lake. Wa Kibuye anapiga simu kuthibitisha mkopo, lakini haipokelewi. Je, mwenzake amechelewa tu, au simu imezima? Akisubiri, mwanachama anakosa fedha. Asiposubiri, huenda fedha zilezile zikatolewa mara mbili. Kompyuta zinazopelekeana ujumbe nazo hukumbwa na shaka hiyohiyo. Mwaka 1985, watafiti Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kihisabati kwamba, pasipo kikomo cha muda wa ujumbe kufika, hakuna utaratibu usiotumia bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kwamba kompyuta zitafikia makubaliano daima, ikiwa hata kompyuta moja inaweza kuzima.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa kalamu na karatasi (na kikombe cha chai, mara nyingi kilichopoa). Leslie Lamport, mtafiti aliyepewa Tuzo ya Turing (tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta) ya mwaka 2013, alisomea hisabati hadi uzamivu, na mwaka 1978 alionyesha namna ya kupanga matukio kwa kufuata ujumbe uliotumwa na kupokewa, bila kutegemea saa ya ukutani.