Sikio linaanza kula kabla meno hayajaota

Wiki jana mama mmoja alinisimamisha steji ya taksi, akaniambia, "Mwalimu, huyu kijana wangu ana miaka 14, nyimbo zetu za nyumbani hataki hata kuzisikia, ni amapiano tu, hiyo miziki ya dansi ya Afrika Kusini, asubuhi mpaka usiku. Wewe ndo unayesomea haya mambo, niambie kama masikio yake yameshaharibika." Nikamwambia hapana mama, hayajaharibika, ila jibu lenyewe ni refu na kondakta alikuwa anapiga kelele watu waingie, basi nikamwahidi nitaandika.

Mi nafundisha saikolojia ya muziki, wanafunzi wangu ni walimu watarajiwa hapa Kampala, lakini kabla ya vitabu nilifundishwa na ukuta wa bati. Nimekulia kambi ya polisi, kwenye zile nyumba za duara za bati tunazoziita unipoti, na anayezijua anajua kwamba humo ndani kila sauti ya jirani ni yako. Kushoto Waacholi, kulia Waganda, nyuma familia ya Walugbara, na sote tunaongea Kiswahili kwa sababu ndo lugha ya kambi. Jioni redio zinawashwa kwa pamoja, huku kadongo kamu, zile nyimbo za Kiganda za gitaa, kule magitaa ya Kikongo, nyuma kuna mzee anapiga adungu, kile kinubi cha nyuzi, taratibu, halafu mvua ikianguka juu ya bati yote inakuwa kitu kimoja. Sikuchagua hata moja katika hizo sauti, na mpaka leo ndo zinazonishika. Yaani sehemu kubwa ya kile mtu anachokiita ladha yake alilishwa kabla hajajua kwamba kuna kuchagua.

Kulishwa kwenyewe kunaanza tumboni. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba mtoto anasikia, ingawa zile sauti nyembamba hazipiti vizuri, zinazopita ni nzito, besi, ngoma, na kupanda na kushuka kwa sauti ya mama. Mwaka 1986 Anthony DeCasper na Melanie Spence wa Marekani walichapisha utafiti ambapo akina mama walisoma hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki 6 za mwisho za mimba, na watoto walipozaliwa wakapewa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na rekodi, wakawa wananyonya kwa namna ya kuileta hadithi ileile waliyoizoea. Siku chache tu duniani na tayari wana wanachokipenda.

Sasa ninapopapenda kuliko pote ni mgongoni. Mwaka 2005 kule Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor walichukua watoto wa miezi 7 wakawapigia mdundo usio na mkazo popote, ambao unaweza kuuhesabu kwa mbili au kwa tatu. Watoto wengine wakarushwarushwa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye wakasikilizishwa mdundo ukiwa na mkazo, na kila mtoto alipendelea kusikiliza ule uliofanana na jinsi mwili wake ulivyorushwa. Walipojaribu na watoto waliokaa tu wanaangalia mtu mwingine akirukaruka, haikufanya kazi. Lazima mwili wenyewe uchezeshwe.

Mi niliposoma hiyo nilimkumbuka dada yangu. Tulikuwa kwenye kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ngoma ya baakisimba inapigwa, ile ambayo mgeni akiisikia mara nyingi hajui aihesabu kwa mbili au kwa tatu, na dada amesimama pembeni, mtoto wa miezi minane kafungwa kitenge mgongoni, kalala fofofo. Dada hakuwa anacheza, alikuwa anagonga tu kisigino chini huku anaongea na watu, na kile kichwa kidogo kinanesa, kinanesa, kwa kisigino cha mama. Pale ndo mtoto anaambiwa pigo lipi ni la kwanza. Hakuna mwalimu wa chuo atakayekuja kumfundisha hilo vizuri kuliko ule mgongo.

Halafu kuna suala la sauti zenyewe, na hapa kila mwaka darasani kwangu panazuka mabishano. Piano inaigawa okteva, yaani safari ya kutoka do mpaka do ya juu yake, vipande 12 vilivyo sawa. Amadinda ya Buganda, ile marimba ya vibao 12, inaigawa vipande 5 vinavyokaribiana kuwa sawa, kwa hiyo nota zake nyingi zinaangukia katikati ya nota za piano. Nikigonga amadinda, mwanafunzi aliyekulia kwenye kinanda cha kanisani anasema hii imetoka kwenye tyuni. Mwaka juzi kijana mmoja aliyelelewa karibu na wapigaji akamjibu, "Hapana, kinanda chako ndo kimepinda," na hakuwa anatania, uso wake ulionyesha kwamba kweli kinamkera. Wote wawili wanasema kweli ya masikio yao. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha utafiti wao na Watsimane wa msitu wa Bolivia, watu ambao muziki wa Kizungu walikuwa hawajausikia sana, wakakuta kwamba sauti ambazo Wazungu wanaziita tamu pamoja na zile wanazoziita za kukwaruzana, Watsimane waliziona nzuri sawasawa. Kwa hiyo ule utamu tunaodhani umo ndani ya sauti yenyewe, mwingi wake umo kwenye mazoea. Kwa hili huwa nawaomba wanafunzi wangu kwa moyo wote wasije wakamwambia mtoto wa kijijini kwamba ala ya babu yake haina tyuni.

Turudi kwa kijana wa miaka 14. Umri huo mtu hasikilizi muziki kwa masikio tu, anausikiliza na wenzake. Redio binafsi za FM zilianza hapa 1993, mi nikiwa na miaka 11, na nilipofika bweni nikakuta wimbo unaojua maneno yake ndo unaoamua utakaa kitanda cha nani jioni kupiga stori. Kaseti za Kikongo za baba, zile nilizokuwa nazirudisha nyuma kwa peni ya Bic ili betri zisiishe, nilizificha chini ya sanduku na hakuna aliyejua ninazo. Nikawa mtu wa raga, ile miziki ya Jamaika. Sikuwa nadanganya, niliipenda kweli, kwa sababu niliisikia nikiwa na watu niliotaka kuwa mmoja wao. Halafu akaja mwimbaji wetu Jose Chameleone anachanganya Kiganda na Kiswahili, na sisi watoto wa kambi tukasikia lugha yetu redioni kama lugha ya vijana, si lugha ya amri za askari, nawaambia siwezi kueleza furaha ile.

Na kinachoingia umri huo kinakaa. Morris Holbrook na Robert Schindler mwaka 1989 waliwapigia Wamarekani wa rika zote nyimbo 28 zilizovuma kati ya 1932 na 1986, wakakuta watu wanapenda zaidi zile zilizokuwa zinavuma walipokuwa na miaka kama 23 na nusu. Lakini utafiti ninaotaka yule mama ausikie ni wa Carol Krumhansl na Justin Zupnick, 2013. Hao walichukua vijana wa miaka kama 20, wakawapigia nyimbo zilizoongoza kuanzia 1955 mpaka 2009. Mapenzi yalipanda kwenye nyimbo za ujana wao, ndiyo, ila yalipanda pia kwenye nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Nyimbo za sebuleni na jikoni, ambazo hawakuzichagua.

Mi mwenyewe nimeliona. Nimeshamaliza chuo, niko kwenye taksi Jinja Road, foleni haisogei, dereva akaweka Kikongo cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa na miaka 13. Kabla gitaa halijageuka kuingia sebene, ile sehemu ya kuchezea, mwili wangu ulishajua, nywele zimesimama, sekunde mbili nzima kabla. Valorie Salimpoor na Robert Zatorre kule Montreal walionyesha mwaka 2011 kwamba dopamini, ile kemikali ya raha ya ubongo, inamwagika wimbo unapofika kileleni, na inamwagika pia ukiwa bado unakisubiri kilele. Na huwezi kusubiri usichokijua. Ndo maana wimbo mgeni unakupita tu hata kama ni mzuri, na ndo maana wimbo uliopigwa kila taksi mwezi mzima unachuja, maana haubakizi cha kusubiri.

Basi mama, redio yako ya jikoni usiizime, na usimlazimishe kuja kukaa nayo, we pika tu, atakuwa anapita kuchota maji na kuchaji simu, inatosha. Na hiyo amapiano, mwombe akuchagulie nyimbo tatu anazozipenda yeye, uzisikilize ukiwa unamenya matoke, wiki mbili hivi, zile zinazopanda polepole mpaka besi iingie. Halafu tukutane palepale steji uniambie siku ya ngapi ndo umeanza kuisubiri besi yake.