Kuthamini Nyumba ya Wanandoa Wanaoachana: Ugumu wa Shamba la Ukoo

Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo mjini Nakuru, na wanandoa wanaoachana wakifika ofisini kwangu, kila mmoja huwa ameshapanga bei yake. Anayetaka kubaki na nyumba ya mtaa wa Kiamunyi hunionyesha nyufa za ukutani, wala simlaumu, kwa maana ardhi ya Nakuru hupasuka kweli. Anayetaka kulipwa fungu lake hunipeleka moja kwa moja kwenye vigae vipya vya jikoni.

Nyumba ya mjini yenye hati miliki hainisumbui sana, kwani nikishapekua hati katika ofisi ya ardhi hulinganisha nyumba hiyo na nyingine za mtaa uo huo zilizouzwa karibuni. Ninachotahadharisha ni kutumia ripoti ya zamani iliyoandikiwa benki, ambayo kwa kawaida huwa na bei ya soko, bei ya kuuza kwa haraka na thamani ya bima, kisha mmoja akachagua ile ndogo na kuiita thamani ya nyumba.

Kazi hasa huanza pale nyumba ilipojengwa kwenye shamba la ukoo. Niliwahi kuitwa Vihiga kuthamini nyumba ya vyumba vinne iliyosimama kwenye shamba ambalo hati yake ilikuwa bado katika jina la babu yake mume, aliyefariki bila mirathi kufanywa, na kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka barazani. Hapakuwa na nyumba ya kulinganisha nayo, kwa sababu hakuna mgeni anayenunua nyumba ndani ya boma la watu. Nilipima kuta zote, nikakadiria gharama ya kuijenga upya kwa bei za sasa kwa kila mita ya mraba, nikaondoa uchakavu, na nikaandika waziwazi kwamba ardhi haimo katika hesabu hiyo.

Upande wa mume ulidai kwamba thamani ni sufuri kwa kuwa shamba si lake. Upande wa mke ulitaka na shamba lihesabiwe. Kwa maoni yangu, wote walikosea. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 6, haihesabu mali inayoshikiliwa kwa amana, yaani mali ambayo mtu huishika kwa niaba ya wengine, ikiwemo amana ya kimila, kuwa mali ya ndoa. Lakini kifungu cha 9 kinampa mwenzi aliyechangia kuboresha mali ya mwenzake haki inayolingana na mchango wake. Je, nyumba iliyo juu ya ardhi ya babu inaangukia wapi? Hilo ni la hakimu au jaji kuamua, si la mthamini, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2023 ni wazi kwamba nusu kwa nusu haitolewi bila mtu kuthibitisha alichochangia, iwe fedha, kulea watoto au kazi ya shamba.

Mama yule alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa stakabadhi za saruji, mabati na mbao, nyingine zikiwa zimefifia wino hadi tukazisoma tukiziinua kwenye mwanga wa dirisha. Nilizipiga picha moja baada ya nyingine, nikaziambatisha nyuma ya ripoti, nikamrudishia mkebe wake.