Sungura Jike Aliyeanza Kuzaa Watoto Wachache: Saratani ya Mji wa Mimba na Maradhi Mengine Yasiyoambukiza

Mfugaji anaponieleza kwamba jike wake aliyekuwa akizaa watoto wanane sasa anazaa watatu, na kati ya hao mmoja amekufa, kwa kawaida huwa ameshabadilisha dume kabla ya kumtafuta daktari wa mifugo. Mimi huanza kwa kuuliza umri wa jike mwenyewe. Akiwa amepita miaka mitatu, ninachokishuku kwanza ni saratani ya mji wa mimba, ambayo ndiyo uvimbe unaoongoza kwa sungura majike wa kufugwa, na ambayo katika baadhi ya aina imeonekana kwa zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka minne.

Saratani hii haiambukizi, wala haisababishwi na uchafu wa banda. Huanzia kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, mara nyingi katika pembe zote mbili, yaani matawi mawili ya mji huo, na kwa muda mrefu haionyeshi dalili nyingine isipokuwa uzazi kupungua: mimba kuharibika, watoto kufia tumboni, au jike kutoshika mimba kabisa. Ninapopapasa tumbo taratibu, jike akiwa ametulia, vidole hukutana na vinundu vigumu vilivyofuatana, ambavyo mkono usiozoea huweza kuvidhania mimba, kwa sababu vijusi vya wiki mbili navyo hushikika kama shanga kwenye uzi. Mimba ya sungura, hata hivyo, huchukua siku 31 hivi, ilhali vinundu hivi vitakuwepo mwezi ujao, tena vikubwa zaidi.

Damu huja baadaye, na hapo ndipo wengi hushtuka, wakati mwingine bila sababu. Sungura mwenye afya njema anaweza kutoa mkojo wa rangi ya chungwa au hata mwekundu kutokana na majani aliyokula. Rangi ya namna hiyo huenea sawasawa katika mkojo wote, lakini damu ya mji wa mimba mara nyingi hutoka mwishoni mwa haja, pengine na mabonge. Kijiti cha kupimia mkojo humaliza ubishi kwa dakika chache.

Uvimbe ukiachwa husambaa hadi kwenye mapafu na ini, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, na ndiyo maana sikubali kumpasua jike wa namna hii kabla ya kupiga eksirei ya kifua. Kwa anayefuga sungura wa nyumbani, ushauri wangu ni kumtoa jike kizazi akiwa na umri wa kati ya miezi sita na miaka miwili. Mfugaji wa nyama hana haja ya gharama hiyo. Amwondoe jike katika uzalishaji anapokaribia miaka mitatu, na siku ya kuchinja aufungue mji wa mimba autazame.

Majike hao hao huweza kupata vifuko vya maji kwenye matiti. Chuchu huvimba na kutoa majimaji ya kahawia, lakini titi haliwi la moto wala halimuumi kama lile lililoshambuliwa na bakteria, kwa hiyo dawa ya sindano haitasaidia; mara nyingi vifuko hivyo hunywea baada ya kizazi kutolewa.

Nje ya uvimbe, maradhi ninayoyaona zaidi ni ya meno na miguu. Meno ya mbele ya sungura hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na yasipokutana hujikunja hadi kuchoma midomo. Kwa sungura mchanga kasoro hii mara nyingi ni ya kurithi, hivyo asizalishwe. Kuyakata kwa koleo, kama wengi wanavyofanya, huweza kupasua jino hadi kwenye mzizi na kuleta usaha.

Vidonda vya nyayo, kwa upande wake, huwapata zaidi sungura wazito wanaokaa juu ya waya, kwa kuwa unyayo wa sungura umefunikwa na manyoya tu, bila ngozi nene kama ya mbwa. Manyoya yakishatoweka kisiginoni na ngozi kuwa nyekundu, weka kipande cha ubao cha kulalia, ukioshe na kukianika mara kwa mara. Dawa ya kupaka peke yake haiponyi mguu unaorudi juu ya waya ule ule.