Mgongo wa juu na wa kati ukiuma, usikimbilie kuchuliwa

Watu wengi wakisema mgongo unauma wanamaanisha kiuno, ila leo naongelea pale juu, kuanzia chini ya shingo mpaka mbavu zinapoishia. Hapo kuna pingili 12 na kila moja imeshikana na mbavu, ndo maana sehemu hii ni imara kuliko kiuno na diski (ile sahani laini iliyo kati ya pingili na pingili) kutoka mahali pake sio jambo la mara kwa mara. Kwahiyo mtu akija kitengo chetu cha fiziotherapia anasema panawaka moto katikati ya mabega, mara nyingi tunakuta shida ni misuli.

Mchukue fundi cherehani wa Kariakoo, kakaa kwenye stuli toka asubuhi, shingo kainamisha, mabega yamekuja mbele, anainuka akienda kula tu. Ile misuli inavutwa kutwa nzima, jioni imekaza mpaka ukibonyeza unakuta kama kidonge kigumu. Dereva bodaboda hivyo hivyo, na dada anayefua kainamia beseni masaa mawili, na sisi wa simu pia.

Hapa tiba ni kujongea jamani, sio kulala, ukilala kitandani siku tatu nne unazidi kukakamaa. Kila baada ya nusu saa simama, vuta mabega nyuma kama unataka yakutane, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10, alafu kaa ushike kisogo kwa mikono miwili ugeuke kulia na kushoto taratibu. Taulo la maji ya moto linasaidia na panadol pia. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, sio ya kununua tu duka la dawa kila ukiumwa, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha, shida ya figo au una mimba, uliza kwanza. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache.

Sasa kinachoniumiza roho ni wale wanaochuliwa miezi na miezi kumbe ni TB ya uti wa mgongo. Ndio, TB inakula mifupa, na mgongo wa kati kwenda chini ni sehemu inayopenda sana. Maumivu yake hayaishi hata ukipumzika, usiku yanazidi, mwili unapungua, homa za jioni, jasho la usiku, mara unaona pingili moja imechomoza kwa nyuma. Kikohozi kinaweza kisiwepo kabisa na kohozi likapimwa likaonekana safi, kwahiyo isikutoe wasiwasi, inatakiwa picha ya mgongo. Ikichelewa miguu inapooza. Dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure na zinatibu, ila mgongo kama huo usikanyagwe wala kuvunjwavunjwa na mtu.

Maumivu ya upande mmoja yanayochoma alafu yanafuatiwa na malengelenge ni mkanda wa jeshi, wahi mapema. Ukisikia maumivu ya ghafla kifuani yanapenya mgongoni, jasho linatoka na pumzi inabana, au miguu imelegea, mkojo unatoka wenyewe, hiyo ni emajensi, nenda hospitali muda huo huo hata kama ni usiku.

Na ukifika kwa daktari, kama nyumbani kuna mtu aliwahi kutumia dawa za TB mwambie, usisubiri mpaka akuulize.