Elimu ya bioteknolojia kwa vitendo: maana yake kwa sekondari za Nyanda za Juu Kusini

Bioteknolojia ni kutumia viumbe hai, au sehemu za viumbe hao, kutengeneza kitu au kutatua tatizo. Kwa maana hiyo pana, mgema wa ulanzi kule Iringa na Njombe anaifanya tangu zamani: utomvu mtamu wa mwanzi, yaani mtogwa, hamira za asili huubadilisha hadi ukawa mkangafu, yaani pombe kali. Maziwa mgando nayo ni kazi ya bakteria. Siku hizi neno hilo linabeba pia usomaji na ubadilishaji wa DNA (kemikali inayobeba sifa za kurithi za kiumbe), upimaji wa magonjwa kwa vinasaba na uzalishaji wa miche maabarani.

Elimu ya bioteknolojia kwa vitendo ni mafunzo ambayo mwanafunzi wa sekondari, hasa wa kidato cha tano na sita, anafanya kazi hizo kwa mikono yake mwenyewe, kwa taratibu zilezile za maabara za kazini, huku akioneshwa ajira zinazoanzia hapo.

Mtu atauliza: si tayari kuna mtihani wa vitendo wa Biolojia? Upo. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anadondosha iodini kwenye sampuli, rangi inageuka bluu iliyokolea, anaandika kuwa wanga upo kwa maneno aliyokwisha kuyakariri. Ni zoezi lenye faida, ila jibu lilijulikana kabla hajaingia maabara. Katika bioteknolojia kazi huchukua wiki kadhaa, inaweza kuharibika siku ya tano, na mwanafunzi anatakiwa aseme imeharibika kwa sababu gani. Tofauti kubwa iko hapo, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuipigania.

Tuchukue viazi mviringo, zao la Umalila, Makete na Njombe. Mkulima anayetunza mbegu kutoka mavuno yake mwaka baada ya mwaka anatunza pia virusi na mnyauko, na mavuno yanashuka hata kama shamba linaonekana zuri. Tiba mojawapo ni tishu kalcha. Mtaalamu anakata ncha inayokua ya chipukizi, kipande kisichofika milimita moja, kwa kuwa virusi mara nyingi huwa havijafika hapo. Anakiotesha ndani ya chupa yenye sukari, madini na agari, yaani unga wa mwani unaogandisha chakula hicho. Mche ukishapimwa na kuthibitika ni safi, unakatwa vifundo, yaani vipande vya shina vyenye jicho, kila kifundo kinakuwa mche mwingine. Ukipata vifundo vitano kila baada ya wiki nne, mche mmoja umekuwa 125 ndani ya wiki kumi na mbili.

Kukata ile ncha ni kazi ya wataalamu kama wale wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo Mbeya. Lakini kukata vifundo na kuviotesha upya, shule inaweza. Inahitaji chupa za jamu, sanduku lenye uwazi wa kuingiza mikono, Jik, spiriti, kisu cha upasuaji na presha kuka. Hapo kwenye presha kuka pana somo zuri la Fizikia. Chakula cha mche lazima kichemshwe kwa nyuzi 121 ili mbegu sugu za bakteria zife. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji ya sufuria ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 tu; presha kuka hubana mvuke, ndipo joto linapanda kupita hapo. Kwa sufuria, hata ukichemsha saa nzima, baadhi ya vijidudu vitabaki hai, na siku chache baadaye utaona utando mweupe wa bakteria umeuzunguka mche. Mwanafunzi aliyeandika kwenye daftari lake chupa namba ngapi ilichemshwa lini, na nani aliifungua, atajua kosa lilipotokea. Asiyeandika atabaki kubahatisha.

Daftari hilo ni nusu ya maandalizi ya ajira. Nusu nyingine ni mkono. Maabara nyingi za kisasa hutumia mikropipeti, kifaa cha kuvuta vimiminika kidogo mno, hata mikrolita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Kitufe chake kina vituo viwili. Anayeanza hukibonyeza mpaka kituo cha pili, ndipo anachovya, na hivyo anavuta zaidi ya kipimo. Haonekani kakosea, lakini majibu ya kipimo cha PCR, kinachonakili DNA mara nyingi ili ionekane, yataharibika. Mazoezi yake ni rahisi: vuta mikrolita 100 za maji, weka kwenye mizani, isome gramu 0.10. Rudia mpaka mkono utulie.

Sasa GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni, maana wazazi wengi wakisikia bioteknolojia hofu yao inaanzia hapo. Tishu kalcha haibadilishi jeni: kiazi kinabaki kilekile. Ubadilishaji wa jeni ni jambo jingine, lina kanuni zake za usalama nchini. Mahindi ya aina hiyo yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza majaribio yasitishwe. Awe anaunga mkono au anapinga, kijana aliyewahi kutoa DNA kwenye ndizi ya Tukuyu kwa chumvi, sabuni ya vyombo na spiriti baridi atajadili suala hilo akijua anachokisema.

Kuhusu kazi, si lazima kijana aende mbali kuziona. Mbeya kuna TARI Uyole kwa mazao, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa utafiti wa magonjwa kama kifua kikuu, na hospitali ya rufaa ya kanda. Iringa kuna viwanda vya maziwa, Mufindi kuna chai. Anayetaka shahada ataikuta SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayependa ufundi wa maabara, MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, iko hapohapo Mbeya. Ziara ya siku moja mahali kama hapo, mwanafunzi akiwa tayari anajua kushika mikropipeti, ina maana tofauti kabisa na ziara ya kupiga picha.

Kikwazo kikubwa ni walimu na vifaa. Vyumba vya maabara wananchi walivichangia sana mwaka 2014, lakini mwalimu ambaye hakugusa mikropipeti chuoni hawezi kuifundisha. Marekani, programu ya Amgen Biotech Experience hufundisha walimu kwanza, kisha huazima shule vifaa, vikitoka shule hii vinakwenda ile. Utaratibu huo unatufaa. Iringa tuna Mkwawa, chuo kinachoandaa walimu wa sayansi, na seti moja ya mikropipeti, mizani na presha kuka inaweza kuzunguka shule tatu au nne za wilaya moja.

Kidato cha tano huripoti Julai. Shule ikipata miche safi na kuanza Agosti, mizunguko mitatu ya kukata vifundo inaisha mwezi Novemba, mvua zinapoanza, na miche inaweza kuzoeshwa kivulini kabla ya kwenda shamba la shule.