Kifundo cha mkono kikivunjika, si lazima uwekewe pleti

Ukiteleza ukajikinga kwa kiganja, mara nyingi kinachovunjika ni ncha ya mfupa ule wa upande wa kidole gumba, pale pale kwenye kifundo. Ili uunge, daktari huushikilia kwa waya, kwa pleti, yaani bamba la chuma, au kwa hogo tu, yaani plasta ngumu.

Dhana: Waya ni tiba ya asiye na pesa, pleti ndiyo tiba yenyewe.

Nimeona ndugu wa Mbagala na wa Tegeta wakichangishana kwenye simu, wengine wakikopa, ili mama yao awekewe pleti. Inaniuma, maana jambo hili limeshapimwa. Uingereza, utafiti wa DRAFFT uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 461 kwa bahati nasibu, hawa waya, hawa pleti. Baada ya miezi 12, maumivu na uwezo wa kuutumia mkono havikuonyesha tofauti ya maana.

Waya hupenyezwa kwenye ngozi mfupa ukishavutwa ukarudi mahali pake, kisha hutolewa baada ya wiki chache. Shida yake ni usaha kwenye matundu. Pleti huwekwa kwa kupasua upande wa kiganja na kukazwa kwa skrubu, na mkono huanza mazoezi mapema. Ila ikikaa vibaya, au skrubu ikizidi urefu, inaweza kuisaga kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, mpaka kano ikakatika.

Pleti ina kazi yake. Utafiti ule uliwaacha nje watu ambao uso wa kiungo umevurugika kiasi cha kutorudi bila kupasua. Kwa hiyo muulize daktari: uso wa kiungo umeguswa? Mfupa umerudi kwa kuvutwa?

Dhana: Hogo peke yake ni kupoteza muda.

Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2022, ulilinganisha waya na hogo lililofinyangwa vizuri kwa wagonjwa 500. Mwaka ulipoisha, mikono ililingana. Lakini kwenye kundi la hogo, kama mmoja kati ya wanane mfupa wake uliteleza ndani ya wiki sita akahitaji upasuaji. Tarehe ya kurudi kupiga picha usiikose hata kama huna maumivu.

Dhana: Chuma chochote lazima kitolewe.

Waya ndiyo. Pleti isiyosumbua huachwa.

Dhana: Mkono uliofungwa usitikisike.

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Namkumbuka mama muuza samaki wa Feri, majirani walimwambia autulize mkono kwenye kanga. Alirudi vidole vimejaa, ngozi inang'aa, pete imezama, tukaikata. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa, ila hakuweza kushika kisu cha kuparia samaki. Pete ivuliwe siku ile ile ya kuvunjika. Mkono ukae juu kuliko moyo, na vidole vikunjwe ngumi na kunyooshwa kila saa ukiwa macho. Vikifa ganzi, vikipoa au maumivu yakizidi ndani ya hogo, rudi hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi.