Chumba cha mizigo cha ndege si jokofu

Wakulima na wafugaji wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaofikiria kusafirisha mzigo kwa ndege huwa na hofu na matumaini yanayotoka mahali pamoja: huko juu kuna baridi kali, basi parachichi zitafika zimepoa, na vifaranga watakufa. Dhana hiyo haiko sahihi, na kuielewa kunaanza na hewa anayoivuta abiria.

Katika kimo cha mita 10,000 hewa ya nje huwa na baridi ya nyuzi 50 hivi chini ya sifuri. Hata hivyo hewa hiyo ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu, hivyo ni lazima ishindiliwe kwanza, na hewa ikishindiliwa hupata joto, jambo analolijua kila aliyewahi kugusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Ndege nyingi huchota hewa kwenye kompresa za injini, nayo hutoka huko ikiwa na joto linaloweza kupita nyuzi 200. Boeing 787 hutumia kompresa za umeme. Kazi kubwa ya mtambo wa hewa wa ndege, kwa hiyo, ni kuipoza hewa ya moto, wala si kuipasha ya baridi.

Mtambo huo hauhitaji gesi ya jokofu. Hewa hupitishwa kwenye vipoza vinavyopulizwa na hewa ya nje, hushindiliwa tena na kupozwa tena, kisha huachiwa itanuke ndani ya turbini, yaani gurudumu lenye mapanga, na kule kuizungusha turbini huinyang'anya joto hadi ikakaribia nyuzi sifuri. Hapo huchanganywa na hewa ya chumbani iliyopita kwenye vichujio, kisha kila sehemu ya chumba huongezewa hewa ya moto kidogo kadiri kihisi joto chake kinavyodai. Sehemu iliyojaa watu huhitaji hewa ya moto pungufu, kwa maana abiria mmoja aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Ukungu mweupe unaoonekana wakati mwingine darini, hasa ndege ikiwa katika unyevu wa Dar es Salaam, si moshi, bali ni mvuke uliokutana na hewa hiyo baridi. Msongo wa hewa chumbani nao hulingana na wa kimo kisichozidi mita 2,440, chini kidogo ya uwanda wa Kitulo, kwa hiyo mkazi wa Makete hana la kushangaa.

Mizigo hukaa chini ya sakafu, katika msongo ule ule. Katika ndege nyingi joto lake hutokana na hewa iliyokwisha kuwapitia abiria, inayotoka kwenye matundu ya chini ya kuta na kushuka kandokando ya chumba cha mizigo kabla ya kutolewa nje kwa vali. Baadhi ya vyumba huongezewa hewa safi na joto, na humo ndimo wanyama hai hupakiwa. Vingine havipitishiwi hewa, na hata vinavyopitishiwa hufungwa moshi ukigunduliwa. Ndiyo maana vifaranga hutajwa wakati wa kuomba nafasi, si siku ya safari. Adui wao mkubwa mara nyingi ni joto la miili yao wenyewe wanapobanana kwenye maboksi.

Parachichi aina ya Hass hutunzwa kwenye nyuzi 5 hadi 7, na chanjo nyingi nyuzi 2 hadi 8. Usitegemee chumba cha mizigo kikupe vipimo hivyo. Mzigo upozwe kabla, nao usafiri ndani ya kifungashio kinachohifadhi baridi. Anayetumia barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyogandishwa, hana budi kuitangaza kwa shirika la ndege, kwani hugeuka kuwa gesi inayoweza kuwadhuru wanyama waliopakiwa pamoja nayo.

Sehemu ngumu zaidi ya safari, kwa maoni yangu, iko ardhini. Parachichi zilizotoka Rungwe alfajiri zikiwa baridi, zikashushwa Dar es Salaam kusubiri ndege nyingine juu ya toroli juani saa saba mchana, zinaweza kupoteza hapo ubaridi wote uliogharimiwa. Kabla ya kulipa, muulize wakala mzigo utasubiri wapi, kwa saa ngapi, na kama mahali hapo pana chumba cha baridi.